Parachuti Nne za Mwavuli Mmoja

Mzee Kithaka alifika kwenye baraza la duka la Caroline siku ya soko, saa nne asubuhi, akasimama mbele ya Njiru fundi wa miavuli. Hakukaa kwenye kigoda alichosogezewa. Alikuwa amevaa koti la kanisani ingawa ilikuwa Alhamisi.

"Nimekuja kuangalia mwavuli wangu," alisema. "Ule mweusi wa mpini wa mbao, wenye rangi ya fedha kwa ndani. Binti yangu Purity aliuleta Jumatatu. Ubavu mmoja ulikuwa umevunjika."

Njiru hakuinua uso. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano kwa kuulamba na kupapasa tundu kwa ukucha, maana macho yake yalikuwa yameacha kuliona tundu tangu mwaka uliopita. "Uko kwenye pipa, mzee. Igoki, mtolee mzee mwavuli wake."

Igoki, binti yake, alikuwa ameketi nyuma yake akifumua mshono wa mwavuli mbovu kwa wembe. Wembe ulisimama. Hakuhitaji kutazama kwenye pipa. Mwavuli mweusi wenye rangi ya fedha ulikuwa nyumbani, nyuma ya jiko, kwenye rundo la vyuma, ukiwa mbavu tupu. Kitambaa chake alikuwa amekigeuza parachuti nne za watoto za kuchezea, na zote nne alikuwa ameziuza juzi.

"Igoki," baba yake aliita tena.

"Uko nyumbani," alisema kwa sauti ndogo.

Kithaka alitazama pipa, akamtazama Njiru. "Mmoja anasema pipa, mwingine anasema nyumbani."

"Kazi nyingine tunaimalizia nyumbani," Njiru alisema polepole, kama mtu anayekanyaga gizani.

Caroline alitokea mlangoni na ufagio. "Mzee Kithaka, hii Ishiara mvua ni mgeni. Haraka ya mwavuli ni ya nini?"

"Huo si wa mvua, binti yangu. Huo ni wa macho ya watu." Kithaka alimgeukia fundi. "Jumamosi wakwe wanakuja kutoka Mitunguu. Wanakuja kumwomba mtoto wangu arudi kwa mume wake. Mwavuli huo ndio walionivisha siku ya ruracio, siku ya kuleta mahari, pamoja na blanketi na kofia. Mkwe akiingia bomani, kabla hajasalimia, anatafuta kwa macho kile alicholeta. Blanketi ninalo. Kofia ninayo. Wakiukosa mwavuli, au wakiukuta umekatwa, watajua nimewarudishia ukwe wao. Kwao kitu cha mahari hakipasuki chenyewe. Kikipasuka, kimepasuliwa na mtu."

"Nimeelewa," Njiru alisema.

"Jumamosi saa nne. Uniletee mwenyewe, usitume mtoto."

Alipokwisha kwenda, Njiru aliweka sindano chini. "Uko wapi?"

"Niliukata, baba."

"Uzi wake ulikuwa wa rangi gani?"

Kila mtu aliyejua baraza lile alijua habari ya nyuzi. Mwavuli wa kutengenezwa ulifungwa uzi mweupe kwenye mpini. Mwavuli uliokufa, ule ambao Njiru aliununua kwa ajili ya vyuma na kitambaa, ulifungwa uzi mwekundu, na huo Igoki aliruhusiwa kuukata. Tangu macho yalipoanza kumwacha, Njiru aliweka nyuzi nyeupe mfuko wa kulia na nyekundu mfuko wa kushoto, na hakuna siku aliyokosea.

"Mwekundu," Igoki alisema.

Njiru alitia mkono mfuko wa kulia, akatoa uzi, akauinua hadi karibu kabisa na jicho. Akatia mkono mfuko wa kushoto, akafanya vivyo hivyo; rangi hakuzitofautisha. Kisha akaomba wembe, akaufunga ndani ya kopo la vifaa, akafunga na kopo lenyewe. Jua halikuwa limefika hata utosini. Watu wenye miavuli mibovu walikuwa bado wanashuka kutoka upande wa kanisa.

"Baba, ni mapema."

"Fundi asiyejua mfuko wake wa kulia si fundi," alisema. "Nitakwenda Manyatta kwa mjomba wako, kama mama yako anavyotaka. Nitachunga ng'ombe wake. Ng'ombe hana rangi ya uzi."

* * *

Parachuti za Igoki zilikuwa za namna moja. Alifumua mwavuli kwa wembe bila kukata kitambaa, akatoa vipande vinane vya pembe tatu, akaunganisha viwili viwili ili kila parachuti iwe na pembe nne. Kwenye kila pembe alitoboa tundu moja kwa sindano ya moto, akafunga uzi wa gunia, na chini akaning'iniza kifuniko cha soda kilichojazwa udongo. Mtoto aliikunja, akaitupa juu, nayo ikafunguka na kushuka taratibu. Alikuwa ameanza kuzitengeneza ili kitambaa kisiozee bure nyuma ya jiko. Sasa watoto walimfuata hadi kisimani kuziuliza.

Kwa hiyo mwavuli ule ungeweza kushonwa tena. Vipande vilikuwa vizima, isipokuwa matundu madogo ya pembeni. Igoki alijiambia hivyo akitembea kwa haraka katikati ya soko, leso imemtoka kichwani bila yeye kujua. Vipande vinane, parachuti nne, siku mbili. Na alikumbuka kila aliyenunua, kwa sababu kitambaa chenye rangi ya fedha hakikuwahi kupita mikononi mwake kabla ya hapo. Kikishuka kilimeta kama samaki.

Ya kwanza ilikuwa kwa mtoto wa Caroline, na Caroline aliitoa bila shida, ila alisema kwa sauti ya kufika barabarani, "Sasa unauza asubuhi unapokonya mchana. Hata polisi hawana mbio hizo."

Ya pili ilikuwa kwa Beth, muuza nguo za mitumba, aliyekuwa amemnunulia mjukuu wake. Beth aliishika nyuma ya mgongo.

"Kwa nini unaitaka?"

"Kitambaa ni cha mtu," Igoki alisema.

"Yaani ulituuzia cha wizi?"

"Si cha wizi, mama."

"Cha mtu na si cha wizi. Hiyo ndiyo hesabu walikufundisha kabla hujaacha shule?" Wanawake wa meza za jirani walicheka. Beth alitaka parachuti mbili badala ya moja, na Igoki akakubali, na akataka aombwe radhi mbele ya watu, na Igoki akaiomba mara mbili kwa sababu mara ya kwanza Beth alisema hakusikia.

Ya tatu ilikuwa juu ya mgunga karibu na kisima, imenaswa kwenye miiba tangu jana. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji waliacha mitungi yao wakamtazama akipanda.

"Msichana mkubwa hivi," mmoja alisema. "Wenzake wanatafuta mume, yeye anafuata matambara juu ya miti."

"Labda huko juu ndiko amemwona."

Alishuka na parachuti mdomoni na mikono inayotoka damu. Alikichunguza kitambaa kwa kidole, pembe hadi pembe. Mwiba ulikuwa umetoboa mahali pamoja tu, padogo kama chembe ya mtama.

Ya nne alijua iko wapi. Alikuwa ameiacha ya mwisho kwa sababu alidhani ingekuwa rahisi. Ilikuwa nyumbani kwa Mzee Kithaka mwenyewe. Purity alikuja kuinunua kwa ajili ya binti yake Kendi, akachagua katikati ya nyingine zote, akasema, "Nipe hiyo ya fedha."

Igoki alisimama njiani. Alikuwa hajafikiria jambo hilo hadi wakati huo. Purity alikuwa ameubeba mwavuli ule kwa mkono wake. Angewezaje asiutambue?

* * *

Purity alikuwa uani akipepeta ndengu, ungo ameuegemeza kwenye goti na kuutikisa kwa mkono wa kushoto. Baba yake hakuwepo. Kendi, mwenye miaka mitano, alikuwa anarusha parachuti karibu na zizi la mbuzi na kuikimbilia kabla haijagusa ardhi.

Walikaa dawati moja, Igoki na Purity, hadi darasa la sita. Baada ya masomo Purity alikuwa akikaa naye barazani kwa Njiru wakingoja jua lipungue. Igoki alimsalimia, akaulizwa habari za mama yake, akajibu, kisha akasema, "Nimekuja kwa ajili ya hiyo parachuti."

"Kendi anacheza nayo."

"Nitamtengenezea nyingine. Hata tatu."

"Hiyo ndiyo anayoitaka."

"Purity, ni mwavuli wa baba yako."

"Najua ni wa baba. Si mimi niliuleta?" Purity aliendelea kupepeta. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Na uzi mwekundu niliufunga mimi."

Kuku walikuja kwenye maganda ya ndengu. Hakuna aliyewafukuza.

"Baba yako aliufunga mweupe," Purity alisema. "Aligeuka kumhudumia mtu mwingine. Nikauvuta ule mweupe, nikatoa mwekundu kwenye mwavuli mbovu, nikaufunga. Nilijua utaukata. Wakija Jumamosi wakaona umekatwa, watakasirika, watarudi kwao, na mimi nitabaki hapa."

"Kwa nini hukumwambia baba yako hutaki kurudi?"

"Nimemwambia mara tatu. Anasema ndoa ni uji wa moto, unapulizwa. Anasema mbuzi wao walishaliwa hadi mifupa." Aliweka ungo chini, akajaribu kuinua mkono wa kulia. Ulifika usawa wa bega, ukakwama hapo ukitetemeka. "Huu hauendi zaidi. Watu wa Mitunguu wanasema nilianguka kwenye mfereji wa kumwagilia ndizi. Mutugi anasema hivyo. Baba naye anasema hivyo. Ni mimi peke yangu ambaye sikuuona huo mfereji."

"Na baba yako haoni mkono?"

"Anaona ninampa chai kwa mkono wa kushoto. Miezi miwili ananigombeza. Anasema Mitunguu wamenifundisha dharau."

Igoki alitaka kusema kitu cha kumfariji, lakini kilichotoka ni kile kilichokuwa kinamchoma. "Baba yangu anafikiri ni macho yake. Amefunga kopo. Anasema ataacha kazi."

Purity aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Sikumfikiria yeye," alisema. "Haki ya Mungu, Igoki, sikumfikiria." Alijaribu kutabasamu akashindwa. "Sasa utasema?"

"Nisiposema, baba ameisha."

"Ukisema, Jumamosi nitapandishwa gari hata kwa kamba. Baba atasema nimemwaibisha, atanitoa mwenyewe."

Kendi alikuja akiwa na parachuti kifuani, akasimama kati yao. Aliitazama mikono ya Igoki yenye mikwaruzo ya miiba. "Baba yako alikupiga?" aliuliza.

"Hapana. Ni mti."

"Mama pia alisema ni mti," mtoto alisema. "Halafu akasema ni mfereji."

Igoki aliondoka na parachuti tatu.

* * *

Nyumbani jua lilikuwa linaelekea kuzama. Ruguru, mama yake Igoki, alikuwa amepakua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na hakuna aliyekula. Alikuwa amekwisha kusikia kila kitu sokoni, na zaidi ya kila kitu.

"Nilisema tangu mwaka jana," alikuwa anamwambia mume wake. "Nilisema, baba Igoki, macho hayo yatatuletea aibu. Ukaniambia vidole vinaona. Haya, vidole vimeona nini?"

Njiru alikuwa amekaa kwenye gogo, mikono imelala magotini kama vitu vya mtu mwingine. "Umeshinda," alisema.

"Sikutaka kushinda. Nilitaka uende Manyatta ukiwa na jina lako." Sauti ya Ruguru ilikatika, akajifanya anapuliza moto.

Igoki alisimama kwenye kona ya jiko. Aliyaona yote mawili kwa pamoja: baba yake akichunga ng'ombe wa shemeji yake, akiulizwa na watoto kama anaona vidole vingapi, na Purity akiingizwa kwenye gari na furushi lake la nguo. Akisema, mmoja anapona na mwingine anazama.

Kisha alikwenda nyuma ya jiko, akaufukua mwavuli kwenye rundo la vyuma. Mbavu tupu zilining'inia kama miguu ya buibui aliyekufa. Uzi mwekundu ulikuwa bado kwenye mpini. Hakuna aliyeugusa tangu siku alipoukata mwavuli, na Njiru alikuwa amekataa hata kuletewa. Igoki aliuweka magotini pa baba yake, akamshika mkono wa kulia, akauweka juu ya fundo.

Hakusema neno.

"Niondolee," Njiru alisema. Lakini vidole vilikuwa vimekwisha kuanza kazi yao. Vilipanda, vikashuka, vikageuza fundo. Vikasimama. Vikarudi mwanzo.

"Hili si fundo langu," alisema.

Ruguru aliacha moto.

"Mimi nazungusha mara mbili nikipitisha chini, fundo la kufungia mbuzi. Nimefunga hivyo tangu nikiwa mchungaji. Hili limezungushwa mara moja. Na huku mwisho uzi umetafunwa." Aliugusa kwa ulimi. "Huyu alivuta kwa meno. Mtu mwenye mikono miwili hafungi hivi."

Mbuzi wa jirani walipita wakilia. Igoki aliona paji la baba yake likikunjana, kisha likikunjuka.

"Aliyeuleta alinipa kwa mkono wa kushoto," Njiru alisema. "Nikasema moyoni, watoto wa siku hizi." Alimgeukia binti yake upande ambao pumzi yake ilisikika. "Umetoka kwao?"

"Ndiyo, baba."

"Hataki kurudi?"

"Hataki."

"Na vipande viwili vilivyobaki viko kwake."

"Kwa Kendi."

Njiru alikohoa, akaomba chakula chake. Alikula sahani yote.

* * *

Siku ya Ijumaa hawakutoka. Igoki alitia uzi kwenye sindano tano akazichomeka kwenye kipande cha sabuni, na baba yake akashona. Alipanga vipande sita kwenye mbavu kwa kuhesabu na kidole, akaziba matundu ya pembeni, akaunga ubavu uliovunjika kwa waya mwembamba. Kazi ilikuwa nzuri kuliko ya kiwandani. Ilibaki nafasi ya vipande viwili, upande mmoja, kama mlango ulioachwa wazi.

Ruguru alileta kitambaa cheusi cha mwavuli mwingine. "Ziba na hiki. Kwa mbali hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Unataka kwenda mbele ya wakwe wa watu na mwavuli uliong'oka meno?"

"Vipande viko kwa mwenyewe," Njiru alisema. "Akivitoa, nitashona hapo hapo, sindano nitakwenda nayo. Asipovitoa, si mimi wa kuziba."

"Na wakiuliza nani aliukata?"

"Nitasema macho yangu."

Ruguru alikitupa kitambaa chini. "Yaani umejua si wewe, na bado utasema ni wewe. Jumatatu nani atakuletea mwavuli?"

Njiru alikuwa ameukata uzi, na alikuwa anausikiliza mkono wake ukipita kwenye mshono. Lakini usiku ule Igoki alimsikia akigeuka kitandani, na akamsikia mama yake akisema, "Lala, baba Igoki," na baada ya muda mrefu akasema tena.

* * *

Walipofika kwa Mzee Kithaka Jumamosi, wakwe walikuwa wamekwisha kuketi. Walikuwa wanne: wazee wawili wasiosema sana, Mutugi mume wa Purity aliyevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani, na msemaji wao, Mzee Misheck, mtu mnene mwenye sauti ya kupendeza. Walikuwa wameleta mikungu mitatu ya ndizi. Kithaka alikuwa na blanketi mabegani katika jua lile lote, na jasho lilikuwa linamtiririka. Kofia ya ruracio ilining'inia kwenye msumari juu ya mlango.

"Fundi huyu hapa," Kithaka alisema kwa furaha ya mtu aliyekuwa na wasiwasi. "Lete, lete."

Njiru aliufungua mwavuli. Jua lilipita kwenye pengo likamwangukia Misheck kifuani.

Kithaka aliinuka nusu, akakaa.

"Mkwe," Misheck alisema hatimaye, "huu tulikupa ukiwa na vipande vinane. Kwetu kichwa kilichonyolewa hivi ni cha mtu aliyefiwa. Tumefiwa na nani?"

"Ni macho yangu," Njiru alisema. Alisimama wima, mwavuli mkononi. "Uliletwa kutengenezwa, nikaufunga uzi wa kuvunjwa. Ukakatwa ukawa parachuti za watoto. Mwenye mwavuli hana kosa, wala wa nyumbani kwake. Mimi sioni vizuri."

"Parachuti," mzee mmoja alirudia, na mwenzake akacheka puani.

"Nilimpa kipofu mwavuli wangu," Kithaka alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Watu waliniambia, nikasema ni fundi wa miaka mingi."

"Mtafutieni kazi nyingine," Misheck alisema kwa upole. "Hata ya kulinda kuku. Kuku anasikika." Sasa walicheka wote, kwa sababu kosa la kipofu si tusi, na safari yao haikuwa imeharibika. "Haya mzee, vipande viko wapi? Naona umekuja na sindano."

Sindano ilikuwa kwenye ukosi wa koti la Njiru, ikiwa na uzi mweusi. "Vipo," alisema.

"Wapi?"

Njiru aliigusa sindano kwenye ukosi. Igoki alikuwa amesimama nyuma yake na masikio yakimwaka. Alimtazama Purity, aliyekuwa ameshika birika la chai mlangoni. Alimtazama Kendi aliyekaa kizingitini na parachuti imekunjwa mapajani. Kila mtu mwingine alikuwa anautazama mwavuli.

"Fundi, umeulizwa," Kithaka alisema. "Au na masikio yamekwenda?"

Purity aliliweka birika chini. "Viko hapa," alisema. "Mzee Njiru hakukosea. Aliufunga mweupe. Mwekundu niliufunga mimi, kwa meno. Nilitaka ukatwe."

Kicheko kilikatika. Kithaka alimgeukia binti yake taratibu.

"Kwa meno," alisema. "Mikono yako iko wapi?"

"Alianguka," Mutugi alisema kwa haraka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu waingie. "Kwenye mfereji. Tulishawaambia alianguka."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Misheck alimtazama kijana wake, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Purity," Kithaka alisema. "Nitolee kofia pale msumarini. Kwa mkono wa kulia, kama nilivyokufundisha."

Purity alikwenda chini ya msumari, akainua mkono. Ulifika usawa wa bega ukasimama. Aliinuka kwa vidole vya miguu ili mwili uusaidie. Vidole vya mkono vilikuwa bado mbali na kofia, vikifunguka na kufumba kwenye hewa. Akabaki hivyo, hakuushusha, kwa sababu baba yake hakuwa amemwambia aushushe.

"Inatosha," Kithaka alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Shusha, mama. Inatosha."

Alilivua blanketi mabegani, akalikunja, akaliweka juu ya mikungu ya ndizi. Misheck alifungua mdomo, lakini Kithaka hakuwa anamtazama. Alikuwa anamtazama Njiru, ambaye bado alikuwa amesimama juani na mwavuli wenye pengo, mbele ya watu waliomcheka.

"Fundi," alisema. "Nimekuita kipofu mbele ya wageni."

"Macho ni mabovu kweli, mzee. Hukusema uongo." Njiru aliuegemeza mwavuli kwenye goti, akatia mikono mifukoni, akaitoa, akainyoosha mbele yake ikiwa wazi. Kwenye kila kiganja kulikuwa na uzi mmoja, mweupe kulia na mwekundu kushoto. "Lakini kazi haijakwisha, na mwavuli ni wako. Niambie nifunge upi."

Kendi alisimama kizingitini. Kithaka alinyoosha mkono, akachukua uzi mmoja kwenye kiganja cha fundi, akaufumbata kabla wakwe hawajaona ni wa rangi gani.

"Umechukua upi?" Njiru aliuliza.

"Ule wa kushoto," Kithaka alisema.